Kutafuta kazi Mtwara na Lindi: kutoka bahasha hadi mkataba, kwa jicho la anayechagua

"Nimepeleka barua kila mahali, mbona siitwi?" "Sina uzoefu, sasa kwenye CV niandike nini?" "Wakiniuliza mshahara nitaje ngapi?" Maswali haya hayakauki huku Kusini, na majibu mengi yanayozunguka vijiweni yanamrudisha mtu nyuma. Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua, na unakuonyesha upande ambao mwombaji haoni: upande wa meza anakokaa anayechambua maombi.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Anayechambua maombi haanzi kwa kutafuta aliye bora. Anaanza kwa kupunguza rundo. Nafasi ni moja, bahasha zimejaa boksi, na Jumatatu mkuu wake anataka majina manane. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza anauliza kitu kimoja tu: hili kuna sababu ya kuliweka pembeni? Barua haina sahihi, pembeni. Cheti kilichotajwa hakipo, pembeni. Jina la kwenye barua silo la kwenye cheti, pembeni. Watu wengi hodari wanaishia hapo, kazi wanaijua na hakuna aliyewahi kuwauliza. Inauma, kwa sababu karibu makosa yote ya mzunguko huo yanarekebishika ukiwa nyumbani, ndani ya siku mbili.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Zilinganishe na cheti cha kuzaliwa leo, usingoje kuulizwa.
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA.
- Vyeti vyenyewe vya shule na chuo. Kwa ajira za serikali, hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi, wala matokeo ya muda ya chuo.
- Nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili au hakimu, seti tatu au nne, na nyingine zilizoskaniwa kama PDF, kila cheti na faili lake. Lipe faili jina lako na jina la cheti. Faili linaloitwa "scan0017" linapotea kwenye kompyuta ya mpokeaji.
- Barua pepe uliyoifungua wewe, nenosiri unalo wewe.
- Namba mbili za simu: yako, na ya mtu wa nyumbani anayepokea simu na anayejua unatafuta kazi.
- TIN. Kama uliwahi kuajiriwa, na namba yako ya NSSF.
- Wadhamini watatu waliokubali kwa kinywa chao kutajwa, wenye namba zinazopatikana.
- Nauli na pesa ya kulala usiku mmoja, uiweke kando usiiguse. Gharama za kwenda kwenye usaili ni zako, hata serikalini.

Kuhusu majina, tuliza akili hapa. Huku kwetu mtoto huyohuyo anaandikwa Somoe shuleni, Somoye kwenye cheti cha kuzaliwa. Hamisi huku, Hamis kule. Jina la babu lipo kwenye NIDA, chuoni halipo. Kwako ni mtu mmoja, kwa mchambuzi ni watu wawili. Tofauti kama hiyo hurekebishwa kwa hati ya kiapo ya majina, ambayo kwenye matangazo ya serikali huandikwa deed poll. Mwone wakili mapema, kwa sababu hati inachukua muda na tangazo huwa na siku chache.

Hatua ya 1. Jua kazi ziko wapi na zinafunguka lini

Sehemu kubwa ya ajira za Kusini inafuata msimu. Minada ya korosho hufunguka Oktoba. Kabla ya hapo AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, vyama vikuu kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, waendesha maghala, wasafirishaji na wanaohudumia mizigo ya Bandari ya Mtwara wanahitaji makarani, wapima mizani, madereva na walinzi. Barua ya Novemba imechelewa. Peleka Agosti, au Septemba mwanzoni. Kwa upande wa Lindi hesabu pia ufuta, ambao huuzwa katikati ya mwaka.

Zisizofuata msimu ni za saruji, gesi ya Madimba na Songo Songo, madini ya kinywe kule Ruangwa, hospitali kama Ligula, Ndanda na Nyangao, vyuo, shule, benki na halmashauri.

Kwenye viwanda na miradi mikubwa, kazi nyingi za mikono hupitia kwa mkandarasi. Ukisikia "kiwanda kinachukua watu", uliza: mkataba nitasaini na nani, na mshahara unalipwa na nani? Barua yako iende kwa huyo. Watu wanapeleka bahasha getini miezi na miezi wakati anayeajiri ana ofisi yake mjini.

Hatua ya 2. Soma tangazo ukiwa na kalamu

Piga mstari chini ya kila sharti, kisha andika mbele yake jina la karatasi inayolithibitisha. Chukua tangazo la dereva wa serikali daraja la pili. Huwa linadai cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C, cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva cha VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali, na kuendesha kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Hayo ni masharti manne, na leseni inajibu moja tu kati yake. La nne linajibiwa na barua ya uliyemwendeshea gari, yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Wengi wanaambatisha leseni na kuishia hapo.

Tofautisha "awe na" na "itakuwa sifa ya ziada". Cha kwanza usipokuwa nacho, okoa pesa ya steshenari. Cha pili usipokuwa nacho, omba.

Hatua ya 3. Chimba uzoefu wako

Hapa ndipo panapoamua, na ndipo watu wa Mtwara na Lindi wanapojidhulumu zaidi. Kijana amekaa misimu mitatu kwenye ghala la AMCOS, anaandika "sina uzoefu", kwa sababu kwenye kichwa chake uzoefu ni ofisi yenye kiyoyozi. Mwingine ameuza duka la jumla la shangazi yake miaka minne, anafunga hesabu kila jioni, na kwenye CV hamna hata mstari mmoja wa hilo.

Chukua daftari. Kwa kila kazi uliyowahi kuifanya, ya kulipwa, ya kujitolea au ya familia, jibu maswali matano:

1. Mikono yako ilifanya nini hasa?
2. Kiasi gani kwa siku, kwa wiki au kwa msimu?
3. Kwa kifaa gani au kitabu gani?
4. Nani alikuwa anakukagua?
5. Ukikosea, nini kingeharibika?

Sasa linganisha. Hivi ndivyo huandikwa:

"Nilifanya kazi ghalani. Ni mchapakazi, mwaminifu, na naweza kufanya kazi chini ya shinikizo."

Na hivi ndivyo iwe, kwa mtu yuleyule na kazi ileile:

"Karani wa mizani, ghala la chama cha msingi, Tandahimba, Oktoba 2022 hadi Januari 2023. Nilipima na kuandika mizigo ya wakulima 40 hadi 60 kwa siku. Nilitenganisha korosho daraja la kwanza na la pili na kutoa risiti kwa kila mkulima. Kila jioni nililinganisha daftari la mapokezi na magunia yaliyo kwenye chaga kabla ghala halijafungwa."

Maandishi ya kwanza yanaweza kuandikwa na yeyote. Ya pili hayawezi kuandikwa na mtu ambaye hakuwepo, na mchambuzi analiona hilo papo hapo. Neno "mwaminifu" hata halimo, ila mtu aliyehesabu magunia kila jioni ameshaonyesha uaminifu wake.

Fanya hivyohivyo kwa mengine. Mama lishe anayepikia wafanyakazi 30 kila siku anajua kununua kwa bajeti, kutunza chakula kisiharibike na kukusanya madeni. Mwalimu wa kujitolea ataje darasa, idadi ya wanafunzi na vipindi kwa wiki. Fundi aliyejifunzia gereji au kwa mjomba, na cheti hana, aende VETA, Mtwara au Lindi, aulizie urasimishaji wa ujuzi: anapimwa kwa anachokijua na kupewa cheti.

Onyo: usitie chumvi. Ukiandika kwamba ulipima unyevu wa korosho, jiandae kuulizwa ulichukuaje sampuli. Aliyefanya atasema bila kufikiri kwamba bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa sampuli, linachomwa magunia tofauti na pande tofauti, kwa sababu gunia la juu linaweza kuwa kavu na la chini lina maji. Aliyesikia tu atakaa kimya, na kuanzia hapo jopo litatilia shaka hata yale ya kweli.

Hatua ya 4. Andika CV, kurasa mbili

Mpangilio unaosomeka haraka: jina na mawasiliano, mistari mitatu inayosema wewe ni nani kikazi, kazi ulizofanya, ya karibuni ikitangulia, elimu, ya karibuni ikitangulia, ujuzi unaoweza kupimwa, kama kompyuta, leseni au lugha, wadhamini. Aliyemaliza chuo juzi anaweza kutanguliza elimu. Dini, kabila na hali ya ndoa usiandike, maana havimsaidii mchambuzi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakataza mwajiri kubagua kwa mambo hayo.

Jihadhari na CV ya steshenari. Mwenye kompyuta ana faili moja la zamani, anafuta jina la mteja wa jana anaweka lako. Matokeo yake kwenye rundo moja zinafika CV sita zenye lengo lilelile neno kwa neno na burudani zilezile, na mojawapo bado ina simu ya mtu mwingine mguuni pa ukurasa. Nenda na daftari lako la hatua ya 3, kaa pembeni yake, akuandikie maneno yako. Kisha soma karatasi yote kabla ya kulipa.

Hatua ya 5. Andika barua ya maombi

Ukurasa mmoja. Anuani yako, tarehe, anuani ya mwajiri kama ilivyo kwenye tangazo, kichwa chenye jina la kazi na kumbukumbu namba kama ipo, aya tatu, sahihi. Aya ya kati ndiyo yenye kazi:

"Tangazo linataka mtunza ghala anayejua kutunza leja na kuhakiki bidhaa. Kwa misimu miwili nimepokea na kutoa mizigo kwenye ghala la chama cha msingi, na nimekuwa nikihakiki magunia dhidi ya daftari kila siku. Mwezi wa mwisho wa msimu nilishiriki kufunga hesabu ya ghala zima mbele ya mkaguzi wa chama."

Usimweleze mwajiri kwamba maisha ni magumu au kwamba unasomesha wadogo zako. Ni kweli, na anaweza kukuonea huruma, ila hana pa kuliandika hilo kwenye fomu ya uchambuzi.

Hatua ya 6. Tuma kwa njia iliyotajwa, siyo nyingine

*Serikalini.* Maombi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupita kwenye mfumo wa mtandaoni, portal.ajira.go.tz. Barua unaiandika kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, unaisaini, unaiskani na kuipandisha pamoja na vyeti. Makosa matatu yanajirudia. La kwanza ni barua isiyo na sahihi. La pili ni akaunti iliyofunguliwa na mwenye steshenari kwa barua pepe yake: majina yakitoka huwezi kuingia kuona namba yako ya usaili. La tatu ni kupandisha siku ya mwisho saa nne usiku, mtandao umelemewa na bando linakata. Maliza siku tatu kabla.

*Kwa barua pepe.* Kwenye kichwa cha ujumbe andika jina la kazi na jina lako. Ndani weka mistari mitatu ya salamu na maelezo, usiache pakiwa patupu. Unganisha barua, CV na vyeti kwenye faili moja, kwa mpangilio huo, isipokuwa tangazo limesema vingine.

*Kwa mkono.* Bahasha ya kaki, jina la kazi juu kushoto. Omba mapokezi wakuandikie kwenye daftari la barua, na wewe uandike kwako tarehe na jina la aliyepokea.

Hatua ya 7. Patikana

Mchambuzi ana majina manane ya kupigia. Akipiga mara mbili usipatikane, anashuka kwenye jina la tisa. Kama uko shamba bondeni ambako mtandao haushiki, namba ya pili ndiyo itakayokuokoa, kwa hiyo mwambie mwenye nayo aandike siku, saa, mahali na namba iliyopiga. Ukipokea mwenyewe, rudia kwa sauti ulichoambiwa, kisha uliza mambo mawili: usaili ni wa maandishi, wa vitendo au wa mahojiano? Nije na vyeti halisi?

Hatua ya 8. Siku mbili kabla

Safiri jana yake. Anayetoka Liwale, Newala au Nachingwea kuja kukaa mbele ya jopo saa mbili asubuhi Mtwara mjini hawezi kutegemea gari la alfajiri. Kama usaili uko Dodoma na ni kipindi cha mvua, ongeza siku nzima. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Kilwa, na abiria wakakwama njiani.

Beba vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, kalamu mbili, na namba ya usaili iliyo kwenye akaunti yako kama ni serikalini. Kitambulisho cha Taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva, hati ya kusafiria au barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, chochote kati ya hivyo hutumika. Mavazi yawe safi, yamepigwa pasi, na yasikubane ukikaa.

Soma taasisi unayoiendea kwa nusu saa: inazalisha au inahudumia nini, ina ofisi wapi, na kazi unayoomba inasaidia kitu gani ndani yake.

Hatua ya 9. Mbele ya jopo

Kila mjumbe ana karatasi yenye maswali yaleyale kwa wote na nafasi ya alama mbele ya kila swali. Hakupi alama kwa kukupenda, anatafuta cha kuandika. Ukimpa neno "najituma", hana cha kuandika. Ukimpa tukio, idadi na matokeo, anaandika mistari miwili na alama inapanda. Kwa hiyo jibu lolote lisikose mfano mmoja wa kazi uliyoifanya.

*"Tueleze kuhusu wewe."* Usianzie kuzaliwa Kitangari na shule ya msingi. Sema dakika moja na nusu: unafanya nini sasa, mambo mawili uliyowahi kufanya yanayofanana na kazi hii, na kwa nini umeomba hapa.

*"Tueleze siku uliyokosea kazini."* Atakayesema hajawahi kukosea amepoteza alama. Taja kosa dogo la kweli, ulilirekebishaje, na ulibadili nini baadaye. "Niliandika uzito wa mkulima mmoja kwenye jina la jirani yake. Niligundua jioni nikilinganisha risiti, nikamwarifu katibu usiku uleule, tukasahihisha wote wakiwepo. Tangu hapo nasoma jina kwa sauti kabla ya kuandika." Jibu hilo peke yake linaweza kumpita mwenye shahada.

*"Kwa nini uliacha kazi ya mwanzo?"* Msimu uliisha, mkataba uliisha, ulikwenda kusoma: sema hivyo na unyamaze. Usimseme vibaya bosi wa zamani hata kama alikukosea sana. Jopo halijui nani mkweli, linachokiona ni mtu anayeanika mambo ya kazini.

*Swali la vitendo.* Hili tulikaribie. Mtunza ghala anapewa karatasi: magunia 1,240 yameingia, 865 yametoka, waliohesabu wamekuta 371. Ufanye nini? Wengi wanakimbilia "nitaripoti wizi". Anza na hesabu: 1,240 kutoa 865 ni 375, pengo ni magunia manne. Kisha mpangilio: nahesabu upya nikiwa na mtu wa pili, napitia hati za kupokelea na za kutolea mzigo moja moja, naangalia yaliyochanika na kuunganishwa, na yaliyotolewa kama sampuli, nikikosa, namwandikia msimamizi siku hiyohiyo, sigusi leja ili takwimu zifanane. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wajumbe wanayoisubiri, kwa sababu ghala linaharibikia pale mtu anaporekebisha kitabu ili kifanane na upungufu.

Usipoelewa swali, omba lirudiwe: "Samahani mheshimiwa, naomba unirudie swali." Haikupunguzii kitu. Usipojua jibu, sema hujui, na useme ungemuuliza nani au ungetafuta wapi. Ukiulizwa kwa Kiingereza na hakikai vizuri mdomoni, jibu kwa sentensi fupi. Kwa mwajiri binafsi unaweza kuomba kumalizia kwa Kiswahili.

Mwisho utaulizwa kama una swali. Uliza: "Kwa miezi mitatu ya kwanza, mngependa mtu huyu awe amekamilisha nini?" Likizo na posho yaache hadi wakupe kazi.

Hatua ya 10. Mshahara

"Chochote mtakachonipa" ni jibu baya. Jopo linasikia kwamba hujui thamani ya kazi, au kwamba utaondoka mwezi wa pili. Fanya hesabu nyumbani, na utofautishe mshahara wa kwenye mkataba na unaoingia mkononi.

Mfano wa 400,000 kwa mwezi. NSSF kwako 10%, yaani 40,000. Inabaki 360,000 ya kukokotolea kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haina kodi na inayozidi, hadi 520,000, hukatwa 8%. Hapa inayozidi ni 90,000, kodi 7,200. Mkononi 352,800. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, toa 15% ya mshahara wa msingi, 60,000, unabaki na 292,800. Sasa toa kodi ya chumba na nauli ya mwezi, uone kama unaishi.

Ukishajua, taja namba moja na sababu yake: "Kwa majukumu mliyoyataja na uzoefu wangu wa misimu mitatu, nategemea 450,000 kabla ya makato. Niko tayari kuzungumza."

Hatua ya 11. Kabla hujasaini

Soma mkataba nyumbani ikiwezekana. Uwe na jina la mwajiri, kazi, mahali, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi, mshahara na tarehe ya kulipwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida: 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Michango ya NSSF jumla ni 20%, na mwajiri hawezi kukubebesha zaidi ya nusu yake. Angalia pia muda wa majaribio: ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumfikii aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, kwa hiyo miezi hiyo uwe makini mara mbili.

Bakia na nakala iliyosainiwa na pande zote.

Ukikwama

*Umeomba mara nyingi, huitwi hata mara moja.* Tatizo liko kwenye karatasi, siyo kwako. Rudi hatua ya 2 hadi ya 6 na mpe mtu mwingine tangazo na barua yako, atafute sababu ya kuiweka pembeni. Piga simu kwa wadhamini wako uone kama bado wanapatikana.

*Unaitwa, hupati.* Karatasi ni nzima. Kinachokosekana ni mifano. Andika matukio sita ya kazi zako na uyaseme kwa sauti, kila moja dakika moja na nusu.

*Umefaulu usaili wa serikali ila hujapangiwa kituo.* Waliofaulu wakazidi nafasi huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kuitwa nafasi ikitokea. Usibadili namba ya simu, na endelea kuomba kwingine.

*Umepoteza cheti cha kidato cha nne au cha sita.* Toa taarifa ya upotevu polisi, kisha fungua ombi NECTA. Huchukua muda, kwa hiyo usingoje tangazo.

*Unaombwa hela ya fomu, sare au vipimo kwanza.* Acha hapo. Ajira ya kweli haianzi kwa wewe kutuma pesa kwenye namba ya mtu. Tafuta jina la kampuni BRELA, wanakosajili kampuni, na upige simu ya ofisi uliyoitafuta mwenyewe, siyo ile aliyokupa yeye.

*Unaombwa mwili ili upate kazi.* Ni kosa la jinai chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Tunza ujumbe wote, usifute, piga TAKUKURU namba 113 bila malipo. Dada yangu, kosa ni lake, na usikubali mtu akwambie ulilitaka.

*Umeanza kazi na mkataba haujaja.* Omba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu wenye heshima, ili ibaki kumbukumbu. Tunza ujumbe wa malipo ya simu, picha ya daftari la mahudhurio na majina ya mnaofanya nao kazi. Ukiachishwa na ukaona umeonewa, una siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Hesabu inaanza siku tukio lilipotokea, siyo siku ulipochoka kungoja ahadi.